Maji ya Bomba na Miche Yako: Dalili, Chanzo na Tiba kwa Wanaoanza Kulima Nyumbani Arusha na Moshi

"Dada, haya maji ya bomba yanaua nyanya zangu." Kwenye kitalu changu kidogo pale Sakina sipiti wiki bila kuambiwa hivyo, na Januari na Februari jua linapokaza ndiyo karibu kila siku. Mtu anakuja na jani mkononi, limekauka ncha au limekuwa manjano, na hukumu ameshaipitisha nyumbani. Mara nyingi maji hayana kosa. Lakini kwetu Arusha siwezi kuyasafisha jina moja kwa moja, maana maji ya pembeni mwa Mlima Meru yana tabia ambazo mtu wa Morogoro au Iringa hazijui, na mkulima anayeanza anastahili kuzielewa kabla hajapoteza mbegu na hela.

Kwa hiyo nimepanga mambo kwa dalili, jinsi watu wanavyoniletea. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana.

Kabla ya dalili yoyote: jaribio la makopo mawili

Chukua miche miwili ya umri mmoja, udongo mmoja, makopo yanayolingana. Mmoja umwagilie maji ya bomba, mwingine maji ya mvua uliyokinga. Kipimo kiwe kilekile, saa ileile. Ngoja wiki tatu. Yote miwili ikiumwa sawasawa, maji hayahusiki: tafuta kwenye udongo, mbolea, wadudu au mkono wako. Ule wa bomba peke yake ukiumwa, hapo una kesi. Jaribio hili halina gharama, na limenizuia mara nyingi kumpa mtu ushauri wa kubahatisha. Kama ni kiangazi na huna maji ya mvua, omba ndoo moja kwa jirani mwenye simtanki la kukinga maji ya bati.

Jua pia maji yako yanatoka wapi. Mji wa Arusha unalishwa na chemchemi na visima virefu, na nyumba zilizo karibu zinaweza kunywa maji tofauti kabisa. Moshi sehemu kubwa inapata maji ya chemchemi za Kilimanjaro, mengi yake ni mepesi. Ukishuka tambarare za Kahe, ndipo chumvi inapoanza kuonekana kwenye udongo.

Dalili ya 1: Majani ya chini manjano, mche umelegea, na udongo umelowa

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoongoza, na ndiyo maji ya bomba yanasingiziwa zaidi.

Chanzo cha kwanza ni maji mengi mno. Mche ulionyauka na udongo mbichi unafanana kabisa na mche wenye kiu, basi mtu anaongeza maji na kuumaliza. Zamisha kidole mpaka kifundo cha pili. Ukihisi ubichi, acha keni chini. Inua mfuko pia: mzito maana yake bado una maji.

Chanzo cha pili ni kiroba au ndoo isiyo na matundu ya kutosha, au matundu yapo lakini yameziba kwa sababu chombo kimekaa juu ya sakafu ya saruji. Kiinue kwa matofali mawili. Ndoo ya lita 20 iwe na matundu yasiyopungua manane, upana wa kidole kidogo.

Chanzo cha tatu ni baridi. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai asubuhi zake zinajulikana. Mizizi inalala, haivuti maji, majani yanaweza hata kugeuka zambarau kwa chini kwa sababu mmea unashindwa kuchukua fosforasi. Ratiba ya kumwagilia uliyoitumia Februari itaozesha miche Julai. Moshi iko chini zaidi na ina joto, kwa hiyo ndugu yako wa Majengo akikwambia yeye anamwagilia kila siku, usimwige ukiwa Sakina au Ngaramtoni.

Tiba: acha kumwagilia mpaka udongo ukauke sentimita tatu za juu. Kama mizizi imeshakuwa ya kahawia na inanuka, kata iliyooza, hamishia kwenye udongo mpya uliochanganywa na mchanga wa mto na pumba za mpunga. Mche ambao shina limeshalainika chini hauponi, utoe.

Dalili ya 2: Majani mapya manjano, mishipa imebaki kijani

Angalia vizuri ni majani yapi. Ya chini yakiwa manjano kwanza, mara nyingi ni upungufu wa naitrojeni au hiyo dalili ya 1. Yakianza ya juu, machanga, na mishipa imechoreka kijani kama ramani, mmea unakosa madini chuma. Udongo wetu wa volkano una chuma tele. Shida ni kwamba kimefungwa, mzizi hauwezi kukichukua.

Kinachokifunga sana kwetu ni hali ya umagadi. Maji mengi ya miteremko ya Meru yana bikaboneti na sodiamu nyingi huku kalisi ikiwa kidogo. Siku ya kwanza hayadhuru kitu. Lakini kwenye kiroba cha lita 10 kinachomwagiliwa kwa miezi mitatu, kila keni inaongeza bikaboneti kidogo, na pH ya udongo (kipimo cha tindikali na magadi) inapanda taratibu mpaka chuma kinajifungia. Shambani mvua ya masika ingesafisha. Kwenye mfuko chini ya bati la kibaraza hakuna masika.

Chanzo cha pili tunajiletea wenyewe: majivu. Karibu kila nyumba ina jiko la kuni au mkaa, na tumefundishwa tangu utoto kunyunyiza majivu kwenye mboga kufukuza wadudu. Kwenye udongo wenye tindikali yanasaidia. Ukimwagilia maji ya magadi halafu ukaongeza majivu, unapandisha pH kwa mikono miwili. Mama mmoja wa Moshono aliniletea hoho nzima zikiwa njano juu. Tulizungumza nusu saa kuhusu maji, kisha akasema kwa bahati tu kwamba kila Jumamosi anamwaga kopo la majivu kwenye kila ndoo. Aliacha majivu, akabadilisha nusu ya maji kuwa ya mvua, na majani yaliyofuata yalitoka kijani. Yale ya zamani hayakurudi, na wewe usiyasubiri yarudi. Pima nafuu kwa majani mapya.

Hatua za kuchukua, kwa mpangilio: acha majivu na chokaa. Changanya maji ya bomba na ya mvua nusu kwa nusu. Kama unakuzia mbolea ya CAN, hamia SA kwa muda, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 10 za maji mara moja kwa wiki, kwa sababu SA inashusha pH na CAN haishushi. Ikiwa baada ya wiki tatu hakuna jani jipya la kijani, nunua mbolea ya maji ya kupulizia yenye madini chuma na fuata kipimo cha kwenye chupa.

Onyo: wapo wanaoshauri kutia asidi ya betri kwenye maji ili kuua magadi. Usijaribu. Itakuunguza macho na ngozi, itaua mizizi, na ya betri iliyotumika ina madini ya risasi ambayo utakuja kuyala kwenye mboga.

Dalili ya 3: Ncha za majani zimekauka, kahawia, na mpaka wake umekatika vizuri

Kama mmea wako ni nyanya, hoho, sukuma wiki au mnafu, chanzo cha kwanza ni mbolea. Samadi ya kuku ambayo haijaiva, au mkono mzito wa urea, huacha chumvi inayonyonya maji kutoka kwenye mizizi. Samadi iive angalau miezi mitatu, iwe haina harufu kali wala joto ukitia mkono. Chanzo cha pili ni kiu ya mara kwa mara: unasahau siku nne, halafu unafurikisha.

Kama mmea wako ni wa mapambo, hasa jamii ya masale, basi Arusha mshukiwa wa kwanza ni floraidi.

Hapa naomba nikae kidogo. Masale ni mmea wenye heshima kubwa Uchagani: mpaka wa kihamba (shamba la ukoo), alama ya amani, jani la kuombea msamaha. Watu wa Moshi wanaohamia Arusha huja nayo na kuipanda kwenye chungu mlangoni, kisha ndani ya miezi michache ncha zinaanza kukauka, moja baada ya nyingine, na mtu anajiuliza amekosa nini. Hajakosa kitu. Jamii hiyo ya mimea ni miongoni mwa inayoumizwa zaidi na floraidi duniani, na miamba ya volkano ya Meru inatoa floraidi nyingi kwenye maji. Floraidi inapanda na maji mpaka mwisho wa jani, maji yanapotea hewani, yenyewe inabaki pale na kuunguza. Kule kwenye kihamba mvua za mlimani ndizo zinazomwagilia, kwa hiyo madhara hayo hayaonekani.

Nyanya na hoho zinavumilia floraidi kuliko masale. Ukiona ncha zimeungua kwenye nyanya, usikimbilie kulaumu floraidi kabla hujaangalia samadi.

Tiba ya masale: maji ya mvua peke yake. Kama huna ya kutosha, pata angalau ndoo moja kwa mwezi ya kusuuzia udongo. Usiweke mbolea za fosfati za unga kwenye chungu hicho, kwa kuwa nyingi zina mabaki ya floraidi. Ncha iliyokufa ikate kwa mkasi, ukifuata umbo la jani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia ili usijeruhi sehemu hai.

Na kwa kuwa tumegusa floraidi, niseme jambo lisilo la mimea. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kiasi kwa lita kinapanda. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuna vyanzo kuzunguka Meru vinavyozidi hapo kwa mbali. Mtoto wa chini ya miaka minane ndiye anayeathirika meno akiwa bado hajaota ya ukubwani. Kama masale yako yanaungua na una watoto wadogo wanaokunywa maji yale yale, achana kwanza na masale, kapimishe maji. Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, ambako wanatumia mifupa iliyochomwa kuchujia.

Dalili ya 4: Utando mweupe juu ya udongo, madoa meupe kwenye majani

Madoa yakifutika kwa kidole kilicholowa, ni mabaki ya maji. Hayaui. Mwagilia chini, kwenye shina, si juu ya majani, na ufanye asubuhi. Madoa yasiyofutika, yenye unga na yanayosambaa, ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu.

Utando kwenye udongo ni chumvi iliyopanda juu. Ukiuonja kwa ncha ya ulimi utajua, ingawa kuukwangua na kuutupa kunatosha. Chanzo cha kwanza ni kumwagilia kidogo kidogo kila siku: maji hayafiki chini, yanapanda tena na chumvi yake. Mwagilia mara chache lakini mpaka yatoke matunduni. Kisha kila mwezi mmoja au miwili suuza: kiroba cha lita 5 kipitishie lita 10 za maji ya mvua, polepole, yatoke yote. Usikiache kikae kwenye sahani iliyojaa maji hayo, vinginevyo umefanya kazi bure.

Mwenye kipima chumvi cha mkononi anaweza kupata mwanga zaidi. Kwa mwongozo wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa), maji ya kumwagilia yenye usomaji chini ya 0.7 dS/m (kizio cha kupimia chumvi) hayana tatizo, kati ya 0.7 na 3.0 yanahitaji uangalifu, zaidi ya 3.0 ni hatari. Miche michanga inaumia mapema kuliko mmea mkubwa. Kumbuka kipima chumvi hakipimi floraidi. Nimekutana na zaidi ya mtu mmoja aliyenunua kifaa hicho akaambiwa dukani kwamba kitamwonyesha kama maji yana floraidi, na si kweli.

Dalili ya 5: Maji yanasimama juu ya udongo, udongo mgumu kama tofali

Jambo la kwanza kuuliza ni maji ya kufulia. Mgao ukiwa mkali watu wanamwagilia maji ya sabuni ya unga, na nawaelewa. Lakini sabuni hiyo ina sodiamu nyingi, na sodiamu inatawanya chembe za mfinyanzi, vitundu vya hewa vinaziba. Maji ya kusuuzia ya mwisho yanaweza kwenda kwenye ndizi au mti wa kivuli. Kwenye kitalu hapana.

La pili ni maji ya bomba yenyewe, kwa sababu ileile ya magadi. La tatu ni udongo wa mfinyanzi mtupu uliochimbwa kwenye msingi wa nyumba.

Changanya mboji iliyoiva, angalau theluthi moja. Kwa tuta la nje lenye magadi, jasi ya kilimo inasaidia kuondoa sodiamu, lakini kiasi chake kinategemea vipimo vya udongo. Usimwage kwa kukadiria; hapo muone afisa kilimo wa kata.

Dalili ya 6: Miche midogo inalala usiku mmoja, shina limekonda pale linapogusa udongo

Hiki ni kinyausi, ugonjwa wa kuvu. Ubichi uliozidi na miche iliyobanana ndivyo vinavyouleta mara nyingi. Udongo wa kitalu uliotumika msimu uliopita unafuata. Halafu tanki chafu: simtanki lisilo na mfuniko, lenye majani na tope chini, au dumu jeupe lililoota ukijani kwa kukaa juani.

Ng'oa zilizolala pamoja na udongo wake, punguza maji, fungua hewa. Safisha tanki kwa brashi, suuza, funika. Maji ya bomba yaliyotiwa dawa kwa hapa ni rafiki yako kuliko maji ya mfereji.

Kuna kifo kingine kinachofanana nacho: mpira uliolazwa juani. Maji yaliyobaki ndani saa saba mchana yanaunguza. Acha yamwagike kwanza mpaka mkono uhisi baridi.

Dalili ya 7: Kitako cha tunda la nyanya kimekuwa cheusi, kimebonyea

Kalisi haikufika kwenye tunda. Sababu kubwa ni umwagiliaji usio sawa, na mgao wa maji unachangia: siku tatu kavu, siku ya nne mafuriko. Tandaza majani makavu ya migomba au nyasi juu ya udongo, weka akiba kwenye madumu, gawa kidogo kwa mpango. Sababu ya pili ni naitrojeni nyingi. Ya tatu ni maji yenye kalisi kidogo, ambayo nimeshayaeleza. Ndiyo maana SA niliyoitaja juu haifai kwa nyanya iliyokwisha kuweka matunda. Hapo rudi kwenye CAN, ina kalisi. Maganda ya mayai ni mazuri lakini yanaoza taratibu, yatasaidia msimu ujao. Matunda yaliyoharibika yachume.

Dalili ya 8: Harufu ya dawa ya maji

Watu wanaiogopa bure. Kiasi cha klorini kinachobaki kwenye maji ya bomba ni kidogo, hakiui mche. Kama harufu ni kali baada ya matengenezo ya mabomba, acha ndoo wazi usiku kucha. Maji ya kahawia yanaporudi baada ya kukatika ni tope na kutu. Yaache yatulie, mwagilia ya juu, ya chini mwaga.

Dalili ya 9: Mmea mzima unanyauka mchana, ukiwa bado kijani, siku mbili umekufa

Simama hapa. Kata shina karibu na udongo, litumbukize kwenye glasi ya maji safi, likining'inia bila kutikiswa. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka kwenye mkato, ni mnyauko bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya, hata muuzaji akikuapia. Ng'oa mmea na udongo wake, uchome au uuzike mbali, osha jembe na mikono. Pale usipande nyanya, hoho, bilinganya, mnafu wala viazi mviringo. Usiazime mche wala udongo kwa jirani. Na kama unamwagilia kwa mfereji au mfongo unaopita mashamba ya wengine, mwambie afisa ugani siku hiyohiyo, kwa sababu bakteria hao husafiri na maji na wa chini yako hawajui.

Glasi ikibaki safi, fukua mizizi. Vinundu kama shanga ni minyoo fundo. Mizizi mizuri lakini ndani ya shina kuna kahawia ni mnyauko fusari. Kwa yote mawili, peleka mmea mzima, na mizizi yake, kwa wataalamu. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ipo Ngaramtoni, na Tengeru kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali chenye uzoefu mrefu wa mboga na matunda.

Jinsi ya kupeleka maji kupimwa

Chupa ya plastiki ya lita moja, iliyokuwa ya maji ya kunywa, si ya soda wala juisi. Fungua bomba, acha yatiririke dakika tano ili upate ya bombani na si yaliyolala kwenye mpira. Suuza chupa mara tatu kwa maji hayohayo. Ijaze mpaka juu, pasiwe na hewa, funga. Andika tarehe, saa, mtaa, na kama ni bomba, kisima au tanki. Iweke kivulini na uifikishe siku ileile. Omba wapime pH, chumvi kwa jumla, sodiamu, kalisi, bikaboneti na floraidi, uzitaje moja moja, maana ukisema tu "nipimieni maji" unaweza kupimiwa vijidudu vya tumbo peke yake. Ukishapata karatasi, nayo na jani ulilochuma asubuhi ile njoo navyo kitaluni, tukae tuvisome pamoja.